Kuvalisha meza ya puli si kushona pazia

Wiki iliyopita mteja alitutumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Kwa ufupi, sisi ni wezi. Tulikuwa tumemwambia kuvalisha meza yake upya ni shilingi 16,500, naye akapita Eastleigh akakuta kitambaa cha kijani kinauzwa kwa mita, bei haifiki hata robo ya yetu. "Fundi, hiyo ni meza ama ni bibi harusi?"

Tulicheka, lakini lawama hii hutufikia kila mwezi, kwa hivyo wacha tuijibu hapa.

Wengi wanaotupigia siku hizi si wenye baa. Ni watu wa miaka arobaini na kitu, waliokulia kwenye kumbi za puli wakati sarafu ya shilingi 20, ile iliyotoka 1998, ilikuwa bado ngeni mfukoni. Unapanda ngazi za giza, taa imening'inizwa chini juu ya meza, majina yameandikwa ukutani kwa chaki, na ukitoka kununua soda, ukirudi zamu yako imeliwa. Halafu ikaja sheria ya pombe ya 2010, tuliyoizoea kwa jina la Mututho, ikazuia baa kufungua kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi. Meza iliyokuwa ikimeza sarafu tangu asubuhi ikashinda chini ya turubai. Kodi ikamaliza kazi. Sasa ukumbi ukifungwa meza zinauzwa, na mtu anachukua moja akaiweke kwake Kitengela au Ruai. Tunamwelewa kabisa. Karakana yetu hapa Kariobangi ina meza moja ambayo haiuzwi, usiulize.

Asichokiona mnunuzi ni jiwe. Chini ya kitambaa kuna bamba la sleti. Meza ya futi saba ya baa huwa na jiwe moja la unene wa karibu milimita 19, na jiwe hilo peke yake linapita kilo 100. Meza ya snuka ya ukubwa kamili ina mawe matano, nayo ikisimama imepita tani moja. Mbao unaweza kuchonga nyingine, raba ya ukingoni, ile inayorudisha mpira, unaweza kununua. Jiwe likipasuka, umebaki na kuni.

Jamaa mmoja aliona pesa yetu ya kufungua meza na kuihamisha ni ya bure. Akaita Canter na vijana sita wa mkokoteni, wakaibeba nzima kutoka ghorofa ya pili, miguu juu. Kwenye kona ya ngazi ikawaponyoka kidogo tu, anasema, "kidogo tu fundi". Jiwe likapasuka kutoka tundu la bolti hadi kwenye mfuko wa kati. Hata hapo hakutuita. Seremala wa jirani akamwekea bodi ya vumbi la mbao badala ya jiwe. Mvua za Aprili zikaja, bodi ikavimba katikati kama chapati kwenye moto, na kila mpira ukawa unakimbilia ukingoni. Mlio wake nao! Juu ya jiwe mpira unanguruma taratibu. Pale ulikuwa unalia kama ngoma ya kilabu. Watengenezaji wa meza London, akina Thurston, walianza kuachana na mbao na kutumia jiwe mwaka 1826. Hawakuwa wajinga. Jamaa alilipa jiwe, usafiri na kazi yetu juu yake, na bado anasema sisi ni ghali.

Turudi kwa kitambaa. Tukifika kwako, tunafungua kingo zote sita na mifuko. Tunang'oa pini za stepo moja moja, tunakwangua gundi ya zamani hadi jiwe libaki tupu. Kisha pimamaji: urefu, upana, kona kwa kona. Palipolala tunainua kwa vipande vyembamba vya karata, ndiyo, karata hizi za kuchezea, kwa sababu zina unene mmoja na hazibonyei. Mashimo ya skrubu na maungio tunayajaza nta ya nyuki. Ndipo tunavuta kitambaa, watu wawili, mmoja kila upande, halafu tunavalisha kingo sita nazo. Kitambaa chenyewe ni sufu. Kile cha Eastleigh ni cha mapazia au sare za shule. Kikipata joto la mikono na chaki kinalegea, na kabla ya mwezi kwisha kimeshika mikunjo.

Kuna wanaotuomba tuweke kipya juu ya cha zamani, "tuokoe muda". Hatufanyi. Ncha ya raba lazima igonge mpira juu kidogo ya kiuno chake. Kwa mpira wa milimita 57 hiyo ni karibu milimita 36 kutoka mezani. Ukiongeza tabaka, mpira umepanda na raba imebaki palepale. Mpira unaanza kuruka, halafu mwenye meza anatuuliza kwa nini raba imekufa.

Mabaya zaidi tuliyoyaona mwaka huu yalikuwa meza ya mama mmoja mwenye baa. Mpwa wake alibandika kitambaa kwa gundi ya mbao, jiwe lote, kama anayebandika zulia. Kukivua tu kulitutoa jasho siku nzima kwa kisu cha rangi na maji moto. Kwa bei ya siku hiyo angevalishwa meza mbili. Aliyelaumiwa si mpwa.

Kitu kimoja tunakifanya bila malipo. Meza nyingi za zamani zina alama nyeusi kwenye kingo, pale watu walipokuwa wakipumzisha sigara kabla ya sheria ya tumbaku ya 2007. Fundi mwingine atazipiga msasa ndipo akuulize. Sisi tunauliza kwanza, na kusema kweli karibu wote hutuambia tuziache. Mzee mmoja alitafuta yake kwa kidole, akaipata, akatuletea chai.

Aliyetuma ujumbe wa dakika nne, bosi, bei haijabadilika. Lakini kabla hujamlipa mtu yeyote, weka mpira mweupe mezani, usiupige, usukume polepole sana kwa kidole. Mpira wa kasi huficha mlalo, wa polepole haudanganyi. Ukipinda karibu na kusimama, tupigie. Tutumie picha ya chini ya meza, si ya juu, na utuambie iko ghorofa ya ngapi kabla hatujatoka Kariobangi.