Barua ya malalamiko kuhusu mlango wa bafu wa kioo cha ukungu

Kwa Meneja,

YAH: KIOO NILICHOUZIWA NA KICHEKO NILICHOPEWA

Naandika kwa heshima zote, ingawa iliyobaki ni kidogo.

Mhudumu wenu alinicheka mbele ya wateja. Nilimweleza kwamba mlango wangu ukilowa unaonyesha, akanijibu: "Mama, kwani nani atakuja kukuchungulia?"

Risiti yenu inasema kioo cha ukungu cha asidi, yaani kilichotiwa ukungu kwa asidi, chenye maua upande wa chini. Nililetewa kioo cha kawaida kilichobandikwa stika. Stika ina mahali pake, dirisha la ofisi kwa mfano, pasipo na mvuke. Bafuni pembe zilianza kujikunja. Nikainua moja kwa ukucha, maua yenu yote yakaja na kidole.

Mkabadilisha, nashukuru. Fundi akaja na kioo kilichotiwa ukungu kwa kupigwa mchanga. Sina ugomvi nacho, sebuleni ninacho na jua la asubuhi likipita pale linatulia vizuri mno. Ila uso wake unakwaruza, unashika mafuta, kila kiganja cha mtoto kinabaki kama muhuri. Ndiyo sababu niliagiza cha asidi, ambacho ni laini na hufutika upesi. Halafu fundi akageuza upande wenye ukungu ndani, kwenye maji! Nyinyi mnajua vile vishimo vidogo vinavyoleta ukungu vikijaa maji mwanga hautawanyiki tena. Mama mkwe wangu alikuwa anaoga. Mimi napita na taulo mkononi. Naishia hapo.

Kesho yake ndipo nilipokuja dukani, na jambo hili nalirudia kwa sababu halijanitoka. Niliomba maji, nikadondoshea sampuli yenu iliyokuwa juu ya meza. Palipolowa ukungu ukatoweka, tukasoma wote orodha ya bei iliyokuwa chini yake. Mhudumu aliona. Akapangusa kwa mkono wa shati, akawageukia watu, akacheka, ndipo akasema: "Mama, kwani nani atakuja kukuchungulia?" Na watu wakacheka. Aliona kabisa, na bado akasema.

Nilikusudia kuomba kioo cha asidi tu, kilichoimarishwa kwa moto, matundu ya bawaba yakiwa yametobolewa kabla, maana baada ya hapo kikitobolewa kinasambaratika. Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona sitaki tena kioo chenu. Nataka fedha yangu yote, pamoja na ya ufundi wa mara zote mbili, na barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na mhudumu yule mwenyewe, si katibu wenu.

Nawapa siku 14. Zikipita, risiti, stika yenyewe na picha za mlango ukiwa mkavu na ukiwa umelowa vitakwenda kwa wanaolinda haki za walaji, kisha mahakamani.

Mteja wenu,
ambaye kwa sasa anaoga nyuma ya shuka.