Nifanyiwe macho yote mawili siku moja, nami naishi peke yangu?

Ndugu mhariri na wasomaji wenzangu,

Mimi ni mwalimu mstaafu, mjane wa miaka 68, naishi wilayani Kongwa mkoani Dodoma. Naomba ushauri, hasa kwa aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa kope au kumuuguza aliyefanyiwa.

Wa huku kwetu wanaujua ugonjwa wa vikope. Unaanza utotoni. Macho yanatoa tongotongo, nzi wanatua, na mtoto anawaambukiza wenzake kwa mikono na kwa ile kanga moja ya mama inayofuta nyuso zote. Akiambukizwa tena na tena, upande wa ndani wa kope unabaki na makovu, na ukubwani makovu hayo huvuta ukingo wa jicho mpaka nywele zikageukia ndani. Kila ukipepesa, zinakwaruza kioo cha jicho. Wanawake ndio tunaoumia zaidi, kwa kuwa ndio tunaoshinda na watoto wadogo.

Mimi nimekuwa nikizing'oa kwa kibano miaka mingi. Zinaota tena, fupi na ngumu, zinachoma kuliko za mwanzo. Jicho la kulia limeshaingia ukungu, la kushoto linafuata. Jua likiwa kali natembea nimejifunika kanga usoni.

Juzijuzi mhudumu wa afya wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba, akanielekeza kituo cha afya. Mtaalamu wa macho alinieleza kwa utulivu: unachomwa ganzi, kope inapasuliwa, inageuzwa na kushonwa ili nywele zielekee nje, na siku hiyohiyo unarudi kwako. Jicho linafunikwa hadi kesho yake. Baadaye ni dawa ya kupaka ya tetrasaikilini, na nyuzi zinatolewa baada ya wiki moja au mbili. Hakunificha kwamba kovu lililokwisha kukaa kwenye kioo cha jicho halitafutika, na kwamba wengine kope hugeuka tena. Lakini mikwaruzo itakoma, na wengi huona afadhali. Hilo linanitosha kabisa.

Tatizo langu ni hili. Wapasuaji wanakuja kwa kambi ya siku chache, kisha wanaondoka. Naweza kufanyiwa macho yote mawili kwa mara moja, au moja sasa na jingine kambi ijayo, ambayo tarehe yake haijapangwa. Moyo wangu unataka yote mawili, maana kinachoharibika kwenye jicho la kushoto nikiwa nasubiri hakirudi. Lakini usiku ule nitakuwa sioni kitu, ndani ya nyumba isiyo na mtu mwingine, choo kiko nje. Na siku zitakazofuata kuna moshi wa kuni, kuna vumbi, na nimeambiwa nisiiname wala kunyanyua ndoo ya maji.

Mwanangu aliyeko Mwanza anataka nikafikie kwake. Nashukuru, ila sitaki kukaa kwenye basi kutwa nzima na vidonda vibichi, na ningependa nyuzi zitolewe na kituo kilichonishona. Mjukuu wangu yuko kidato cha nne, amejitolea kuja kuniuguza. Nimemkatalia. Nilipokuwa kazini niligombana na wazazi wengi waliokuwa wakiwatoa mabinti shule wakauguze bibi zao. Siwezi kufanya hivyo kwa huyu.

Anabaki jirani yangu. Ni mwanamke mwema sana, ndiye anayenichotea maji ninapoumwa, naye ameniambia, "Mwalimu, utalala kwangu mpaka upone." Ana watoto wadogo ambao macho yao yanatoa tongotongo kila siku, na nzi hawabanduki. Wananipenda, wananipandia mapajani, wananishika uso. Naogopa kuambukizwa upya kope ikiwa ndiyo kwanza imeshonwa. Nitamwambiaje bila kumfanya aone nawanyanyapaa wanawe? Nimewaza nimwombe yeye aje kulala kwangu usiku mmoja ule, halafu siku ya kwenda kituoni twende pamoja na watoto wapimwe, kwa sababu wanahitaji dawa sasa, wasije wakafika hapa nilipofika mimi. Miaka ya tisini tulihimizana sana vijijini Kongwa watoto wanawe uso, na inaniuma kuona nyuso zile hazijanawa. Ila maji yenyewe anayafuata mbali. Nitasemaje hayo asisikie kama ni mwalimu anamkaripia?

Nimeanza kujiandaa. Nitafunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni niifuate kwa mkono. Mbuzi watakwenda kwa shemeji. Nimetenga kanga mbili safi za kufutia uso wangu peke yangu, dawa zangu za presha zitakaa kwenye kopo kando ya kitanda, na nitanunua mkaa ili nisipulize kuni. Sijui nimesahau nini.

Kambi imepangwa baada ya mavuno. Kama yupo aliyefanyiwa macho yote mawili kwa pamoja na anaishi peke yake kama mimi, aniambie usiku ule wa kwanza aliupitishaje, na kama angerudishwa nyuma angechagua tena hivyo au angelianza na moja.

Mwalimu mstaafu,
Kongwa