Kuwasomesha Watoto Nyumbani: Barua kwa Shoga Yangu wa Voi

Tudor, Mombasa

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kuwa nyote hamjambo. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, ila joto la kaskazi limetuzidi.

Umeniuliza tunafuata mfumo gani katika kuwasomesha watoto nyumbani, na ni upi utakaokufaa wewe. Jibu langu ni kwamba hatufuati mfumo mmoja, wala sioni sababu ya wewe kujifunga na mmoja. Kila njia tunaitumia pale inapomfaa mtoto, na tunaiacha pale inapomchosha bure. Najua jamaa zako watasema huko ni kutangatanga. Mimi naamini vingine, kwa kuwa mzazi anayechagua njia kwa kumtazama mtoto aliye mbele yake hana budi kumjua mtoto huyo kwa undani, jambo ambalo halimlazimu anayefunua tu ukurasa unaofuata wa kitabu.

Tumeshikilia mambo mawili ambayo hayabadiliki: kusoma na hesabu kila asubuhi kabla ya shughuli nyingine yoyote, na chuoni kwa ustadhi, kusoma Kurani, baada ya alasiri. Yaliyobaki huenda kwa hali ya nyumba. Baba yao anapofanya zamu ya usiku bandarini, tunaanza masomo tukiwa upande wa baraza ili apate kulala, na mwezi wa Ramadhani unapoingia tunayafupisha na kuyapeleka saa ambazo watoto wana nguvu.

Kitinda mimba wangu anafundishwa zaidi kwa mikono. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alishikilia kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kushika na kutenda, na mimi nauona ukweli huo jikoni mwangu kila nikimpa mbaazi azipange kumikumi au unga wa mahamri aupime kwa kikombe. Dada yake ni mtu wa maneno. Kwake nimechukua mashauri ya Charlotte Mason, mwalimu wa Kiingereza aliyeishi kati ya 1842 na 1923, aliyetaka masomo yawe mafupi na mtoto asimulie alichosomewa kwa maneno yake mwenyewe. Bibi yake ndiye anayemsikiliza, na hakubali masimulizi ya ovyo. Siku hizi binti huyu anajaribu kutunga tarbia, basi utamkuta anahesabu mizani kwa vidole, nane kwa nane, na mshororo ukipungukiwa na silabi moja hainuki hadi ameipata. Sikumlazimisha, alimsikia bibi yake akighani beti za Muyaka, malenga wa zamani wa Mombasa, akataka na yeye.

Mkubwa ndiye nitakayekueleza kwa urefu, maana wasiwasi wako kuhusu kijana wako unafanana na uliokuwa wangu. Alikuwa hataki hesabu za kitabuni. Mjomba wake anavua huku Tudor, na siku moja kijana alimuuliza kwa nini saa ya kwenda kutega hubadilika kila siku. Mjomba akamwambia aandike. Akachora daftari la safu tatu: tarehe ya mwezi wa Kiislamu, saa ya maji kujaa, na idadi ya ngazi za mawe zilizozama. Baada ya muda akaja kunionyesha mwenyewe kwamba maji hujaa mara mbili kwa mchana na usiku, na kwamba kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi. Wastani huo aliutafuta kwa kugawanya, tendo lile lile alilokuwa akilikimbia. Tena akaona kwamba bamvua, yaani maji yanayojaa na kutoka sana, huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, huja kati yake. Hapo ndipo nilipofungua kitabu cha sayansi, nikamweleza kwamba mvutano wa mwezi na wa jua huungana vinapokuwa kwenye mstari mmoja na dunia, na hupunguzana vinapofanya pembe mraba. Pembe mraba hakuisahau tena. Kama ningengoja mada hiyo ifike kwa zamu yake katika kitabu, shauku ile ingekuwa imekwisha.

Kuhusu sheria, usiingie bila kujua. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Imeandikwa kwa kuifikiria shule, si baraza la nyumba. Kwa hiyo muone wakili kwanza, na uweke kumbukumbu za kila somo na kazi za watoto kwa tarehe. Mitihani nayo iwaze mapema. Wapo wazazi wanaowasajili watoto kama watahiniwa wa kujitegemea wa Cambridge, lakini ada zake ni nzito, na anayetaka kubaki kwenye mtaala wa umilisi atahitaji shule itakayomsajili mtoto kwa tathmini ya gredi ya sita.

Kabla hujanunua kitabu chochote, niandikie kuhusu kila mtoto peke yake: anachokipenda, anachokikimbia, na saa anazokuwa mchangamfu. Nikishapata hayo nitakutumia vitabu vya wanangu wasivyovihitaji tena, na mjomba ameahidi kwamba mkija likizo ya Agosti atamchukua kijana wako kwenye mtumbwi. Mwambie aje na daftari.

Wasalimie wazee wote.

Wasalaam,
Mimi shoga yako