Rekodi za viumbe mjini zisifutwe kwa mkupuo

Mhariri,

Wanaochora ramani za mimea na wanyama wa Tanzania ya Kati hupakua rekodi kutoka GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya viumbe, kisha huiamuru kompyuta ifute kila nukta iliyoangukia mjini. Tunawasihi wazitazame kwanza.

Shaka yao, kwamba nukta za mjini si mahali halisi, ina msingi. Sampuli za zamani zilikusanywa kabla ya GPS. Lebo ikisema "Dodoma" tu, aliyeingiza data huweka nukta katikati ya mji, karibu na 6.17 kusini na 35.74 mashariki, hata kama mmea ulichumwa porini mbali. Utazitambua: wakusanyaji mbalimbali, miaka mbalimbali, nukta ileile moja. Hizo ziondoke. Lakini mibuyu imesimama kweli katika mitaa ya Dodoma. Na kunguru wa Bara Hindi huishi penye watu. Ukifuta rekodi zake za mjini, ramani yake inabaki tupu.

Tena leya (tabaka la ramani) ya miji inayotumiwa na CoordinateCleaner, kifurushi cha kusafisha rekodi katika programu ya takwimu ya R, hutoka Natural Earth, hazina huria ya data za ramani, nayo ilitokana na picha za setilaiti za 2002 na 2003. Mtumba, penye Mji wa Serikali leo, haikuwa mji wakati huo. Kwa hiyo linganisheni mwaka wa rekodi na mwaka wa leya: sampuli ya 1935 iliyochukuliwa palipo na nyumba sasa huenda ilitoka porini kabisa.

Katika cc_urb, amri ya kifurushi hicho inayokagua nukta za mjini, andikeni value = "flagged" ili iziwekee alama tu, kwa kuwa bila hivyo inafuta moja kwa moja. Angalizo: jibu la TRUE maana yake rekodi imefaulu, wapo wanaogeuza maana hiyo wakabaki na rekodi mbovu. Kisha hesabuni desimali za latitudo na longitudo. Mbili tu ni kama kilomita 1.1 ardhini, hivyo nukta ya pembezoni yaweza kuwa ndani au nje ya mji.

Mkipima umbali kutoka mpaka wa mji, Dodoma iko kanda ya 36 Kusini ya UTM (mfumo unaogawa dunia katika kanda ili kupima kwa mita), ila Kongwa na Mpwapwa ziko ya 37. Ramani za zamani za Arc 1960 (msingi wa vipimo uliotumika Afrika Mashariki) zisipobadilishwa kwenda WGS84 (msingi unaotumiwa na GPS), nukta husogea takriban mita 300.

Zilizoondolewa zihifadhiwe katika faili lake, kila moja na sababu yake, ili lebo ikisomwa upya nukta irudishwe mahali pake.

Wachora ramani za viumbe,
Dodoma