Mazungumzo ya Jumamosi: Daystar ilitoka wapi?

Wapendwa, Bwana asifiwe!

Jumamosi tunazungumzia historia ya Chuo Kikuu cha Daystar, na naomba tusianzie Nairobi. Daystar ilizaliwa Bulawayo mwaka 1964, nchi ile ingali Rhodesia, tena haikuwa chuo. Ilikuwa huduma ya uchapishaji ya Motsoko Pheko pamoja na Donald na Faye Smith. Ilihamia Nairobi mwaka 1974.

Kinachonigusa zaidi ni miaka ya kabla ya hati, yaani idhini ya serikali ya kuwa chuo kikuu kamili. Daystar haikuwa na mamlaka ya kutoa shahada, hivyo ikashirikiana na vyuo vya Marekani, Wheaton cha Illinois na Messiah cha Pennsylvania. Hebu fikirini, umesomea Valley Road hapa Nairobi, shahada inatoka Pennsylvania! Wazazi waliolipia masomo ya namna hiyo walikuwa na imani kweli. Hati ya serikali ilipatikana mwaka 1994, Profesa Stephen Talitwala akiwa kwenye usukani.

Kampasi ya Athi River tutaifikia baadaye. Mliosomea huko, tafadhali tumeni picha za zamani humu kabla ya Ijumaa jioni, hasa za miaka ya mwanzo.