Risala ya Wakulima wa Umwagiliaji, Bonde la Usangu, kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,

Sisi wakulima wa mpunga wa skimu hii wilayani Mbarali tunakushukuru kwa kuja kutufungulia mfereji mkuu uliosakafiwa kwa zege. Umwagiliaji umetutoa kwenye kilimo cha kubahatisha mvua: tunaandaa vitalu mapema, tunapandikiza kwa mistari, na mchele wetu unafika hadi Dar es Salaam.

Ndugu Mgeni Rasmi, pamoja na neema hiyo, huko chini maji hayafiki. Mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu mwaka 1993. Maji ya mito yetu hujikusanya kwanza katika ardhioevu ya Ihefu, kisha hutoka kwa kupita juu ya kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Kina cha Ihefu kikishuka chini ya mwamba huo mto hukatika, na viboko hubanana kwenye madimbwi ya matope. Mbele zaidi yako mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Wapo wanaowalaumu wafugaji peke yao, nasi tumewahi kuwa miongoni mwao, lakini mabanio, yaani vizuizi vinavyochepusha maji ya mto kuingia mifereji, ni yetu.

Kwa maoni yetu, kinachoumiza zaidi si mpunga wa masika, bali maji ya kuanzia Agosti hadi Oktoba, wakati tumekwisha kuvuna na banio bado liko wazi kwa sababu kaya za kando ya mfereji huchota humo maji ya kunywa na kufulia. Kwa ajili ya ndoo hizo chache, maji mengi hutawanyika kwenye majaruba matupu, yakaotesha magugu na kuzalisha mbu na konokono wa kichocho. Hata hivyo, kufunga geti bila kuwapatia akina mama maji mbadala ni kuwaonea, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yenyewe inatanguliza maji ya nyumbani, kisha mazingira.

Kwa hiyo tunaomba visima virefu katika vitongoji vilivyo kando ya mfereji. Tunaomba pia mfereji wa kutoa maji mashambani uchimbwe hadi mtoni, kwani huu unaoufungua leo unaleta maji vizuri lakini haurudishi hata tone. Visima vikipatikana, tutafunga geti mara baada ya mavuno. Kufuli tumekwisha kulinunua.

Tunaomba kuwasilisha.