Kabla hujatia sahihi mkataba wa Minneapolis

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu mpenzi,

Assalam aleikum. Sisi hapa hatujambo, ni joto la kaskazi tu linalotuonea, na mamangu anakusalimu sana. Ama baada ya salamu, mamako alikuja jana alasiri. Alisema amekuja kuniona kabla likizo yangu haijaisha, akaleta na mahamri, lakini nilimjua. Alikaa barazani akauliza habari za kazi, akauliza habari za ndege, kisha akafika alipokuwa akienda: "Huko mwenzio anakotaka kwenda, mtu akiwa peke yake, hana mume wala ndugu, huishi vipi?" Nikamjibu vile mtu anavyomjibu mzazi: ni kwema, watu wake wema, alhamdulillahi. Jibu lako wewe ni refu zaidi, na usimsomee lote.

Umeniuliza kama utie sahihi mkataba wa uuguzi wa Minneapolis, huko Marekani ninakofanya kazi mimi, au uchukue ule wa Houston, na ujumbe wako mzima ulikuwa baridi: ni nyuzi ngapi, ngozi hupasuka, watu huganda wakafa? Basi nianze na baridi niimalize, maana si hiyo itakayoamua kama mji ule utakufaa.

Ni kali, sikufichi. Usiku wa kawaida wa Januari ni kama nyuzi 13 au 14 chini ya sifuri, na siku nyingi hata mchana haufiki sifuri. Tarehe 30 Januari 2019 ilishuka hadi karibu nyuzi 33 chini ya sifuri, posta ikaacha kupeleka barua. Na sisi ndio wale wale ambao kusi ikivuma Julai tunaulizana sweta ziko wapi. Lakini wenyewe wamejipanga. Ndani ya nyumba mna moto mpaka utavaa dera lako. Majengo ya katikati ya mji yameunganishwa kwa vivuko vya vioo vinavyopita juu ya barabara, usawa wa ghorofa ya kwanza. Cha kwanza kilijengwa 1962, na leo ukivijumlisha vyote vinafika kama kilomita 15. Mtu huenda benki, akala, akanunua dawa, koti amelishika mkononi. Na jimbo la Minnesota halitozi kodi ya mauzo kwenye nguo za kuvaa, kwa hivyo usihangaike kununua mabuti Nairobi. Nunua kule, chukua koti linalofika magotini, na urembo uuache kidogo. Barafu ikishika njia, tembea kama bata: hatua fupi, mikono nje ya mifuko. Baridi imekwisha.

Giza ndilo sikuambiwa na mtu. Mwezi wa Desemba jua linachomoza saa mbili kasoro dakika kumi, na saa kumi na nusu alasiri limeshakuchwa. Sasa lipigie hesabu na zamu zetu. Zamu ya mchana unaingia saa moja asubuhi na kutoka saa moja usiku: umeingia gizani, umetoka gizani, na jua umelionea dirishani mwa mgonjwa. Zamu ya usiku unarudi nyumbani bado giza, unalala, ukiamka jua linakwenda. Na sala je? Adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinakuangukia kazini, kati ya saa sita mchana na saa kumi na nusu, na wewe una wagonjwa mkononi. Inawezekana, wasimamizi wengi wanakuelewa ukiwaambia mapema, lakini mwezi wa kwanza utachoka na mbio hizo. Kumeza vidonge vya vitamini D kule ni jambo la kawaida, nawe meza. Na siku usizo na zamu, toka nje saa sita mchana hata kama hutaki.

Sasa watu, maana ndilo swali la mamako, na nadhani ndilo lako pia, ila umeona haya kuuliza.

Ni wapole kiasi cha kukushangaza. Gari lako likikwama kwenye theluji watashuka watu usiowajua wakusukume, wakimaliza wakutakie siku njema, waende zao. Jirani atakusafishia theluji mbele ya mlango alfajiri na hatakwambia ni yeye. Lakini jirani huyo huyo usimsubiri akuite kula. Wao wenyewe hutaniana kwamba mtu wa Minnesota atakuelekeza njia ya kwenda popote duniani isipokuwa ya nyumbani kwake. Si ubaya. Wengi wamezaliwa pale pale, wakasoma pale pale, na wenzao ni wale waliocheza nao udogoni. Meza yao imeshajaa. Kazini mtacheka vizuri tu, na mmoja atakwambia lazima siku moja mnywe kahawa. Hiyo siku moja haiji, shoga yangu. Lazima wewe uitaje: Jumamosi, saa nne asubuhi, mahali fulani. Ukiitaja watakuja, tena dakika tano kabla ya wakati, na watafurahi kwelikweli, kisha mwezi utapita kimya mpaka uitaje nyingine.

Hapo nikutazame wewe. Tangu tukiwa chuoni wewe ni mtu wa kupitiwa. Tukienda Mama Ngina jioni kula mihogo na madafu, mimi ndiye niliyekupitia. Arusi ukialikwa unakwenda, usipoalikwa hukai ukauliza kwa nini. Hapa Mombasa, na hata huko Nairobi uliko, tabia hiyo haikudhuru kwa sababu mlango wako haukosi mtu: binamu, jirani, mwuza samaki, mtoto aliyetumwa chumvi. Kule unaweza kutoka kazini Ijumaa usiku na usisemeshwe na kiumbe mpaka Jumatatu, na hakuna aliyekukosea. Nimewaona wawili watatu waliokuja wakiwa na roho nzuri kukushinda wewe na mimi, wakakaa wakingoja kuitwa, na kufika Machi walikuwa wakitafuta kazi miji mingine. Wakailaumu theluji.

Kwa hivyo pa kukaa ni pazito kuliko mshahara. Wakala atataka kukupangia kitongojini, karibu na hospitali, kodi nafuu, maegesho bure. Mwaka wa kwanza ukatae. Utahitaji gari, na gari wakati wa baridi ni kama kulea mtoto mchanga: betri inakufa, na theluji ikizidi mji unatangaza dharura, kwa siku tatu kila siku upande tofauti wa kuegesha, ukikosea gari linavutwa na faini juu. Tafuta chumba karibu na treni. Blue Line, iliyoanza 2004, inatoka katikati ya mji hadi uwanja wa ndege. Green Line ya 2014 inapita chuo kikuu hadi St. Paul. Ukikaa pembeni mwa mojawapo utaona watu hata usipotaka.

Blue Line ina kituo Cedar-Riverside, na hapo utashtuka. Wasomali walianza kuingia Minnesota miaka ya tisini, na sasa mtaa ule ukipita unasikia Kisomali kabla ya Kiingereza. Kusini kidogo kuna Karmel, soko la ndani lenye vijiduka vya mabuibui, udi, dhahabu, sambusa na chai ya maziwa yenye iliki, na msikiti humo humo. Akina mama wengi walipitia kambi zetu za wakimbizi au Eastleigh ya Nairobi, Kiswahili wanacho. Mmoja aliniuliza "Wewe wa Mombasa?" kabla sijafungua mdomo, alisema ameujua ufungaji wa mtandio. Aprili 2023 baraza la mji liliruhusu adhana zote tano zisikike kwa vipaza sauti mwaka mzima, mji mkubwa wa kwanza Marekani kufanya hivyo. Hilo mwambie mamako kwanza. Lakini usidhani ukifika hapo umefika kwenu. Wana koo zao na shughuli zao, nawe ni mgeni mwenye heshima. Wakenya wenzetu, hasa ndugu zetu Wakisii, wengi wako Brooklyn Park na Brooklyn Center, kaskazini-magharibi ya mji. Kwa msiba, harambee na arusi hao hawana mfano, ila huko bila gari ni shida.

Ramadhani miaka hii imeingia majira ya baridi, mfungo si mrefu. Kufuturu peke yako, ukitazama simu, ndiko kugumu. Kafuturu msikitini hata kama chakula chao huna hamu nacho.

Habari ya mume. Mamako ameniomba nisiliguse, kisha mwenyewe akaligusa mara tatu. Kule hakuna atakayekuuliza utaolewa lini, na mwanzo utaona umeingia peponi. Wachumba wanapatikana, wengine watu wazuri. Wengine wanakipenda kibali chako cha ukaazi zaidi ya wewe, na utawajua kwa haraka yao. Mimi hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni homa ya Februari. Ukilala siku mbili na mafua makali, nani atajua? Kwa hivyo wiki ya kwanza, kabla ya sufuria na pazia, mtafute mtu mmoja umpe ufunguo wako wa akiba. Akiwa wa kazini, awe wa kazini. Na mpangilie kabisa: nisipojibu simu mpaka saa fulani, njoo.

Kakako atauliza kuhusu polisi na watu weusi, na ana haki. Mji huu wa wapole ndio ule ule alimouawa George Floyd tarehe 25 Mei 2020, njia panda ya 38th Street na Chicago Avenue, na sehemu ya Lake Street ikaungua siku zilizofuata. Pembeni ya upole ule kuna ukuta, na utaugusa: mgonjwa atakayeomba nesi mwingine, muuzaji atakayekufuata dukani. Sikutishi, na wala sitasema Houston ni afadhali kwa hilo.

Kazi yenyewe sina la kulalamika. Wauguzi wana chama chenye meno. Septemba 2022 kama wauguzi 15,000 waligoma siku tatu. Lakini hayo ni ya walioajiriwa na hospitali. Wewe unakwenda kwa mkono wa wakala, na mkataba ulionitumia una kifungu cha fidia ukiondoka kabla ya miaka mitatu. Kisome tena, tena ukisome na mtu wa sheria. Ukishatia sahihi, suala la kama mji unakufaa litakuwa na bei.

Sasa nisikuzungushe. Waambie unataka kuanza Mei. Wakikubali, nenda, nami nitakuwa nimesharudi, nitakupokea. Juni jua linakuchwa kama saa tatu usiku, na mji mzima unatoka nje kama uliofunguliwa kifungoni. Watu wanazunguka maziwa ya Bde Maka Ska na Harriet kwa miguu na baiskeli, wanachoma nyama uani, na mgeni akisimama anaongeleshwa. Miezi hiyo, Mei hadi Septemba, ndiyo ya kukusanya watu wako. Jiandikishe kitu cha kila wiki, darasa, timu, jikoni ya msikiti, chochote chenye siku na saa, maana wale hawazoeani kwa maneno, huzoeana kwa kuonana Jumanne hadi Jumanne. Ikifika Oktoba uwe na watu watatu unaoweza kuwapigia simu bila sababu. Ukiwa nao, baridi itapita.

Wakikulazimisha Novemba, katae. Chukua ule wa Houston. Utalalamika joto, na joto sote tunalijua. Na hata wakikupa Mei, jiulize hili moja kwa ukweli: je, utaweza kupiga simu ya kwanza wewe, kwa mtu asiyekudai wala kukutafuta, tena na tena, bila kuona umejishusha? Kama ni kwenda kukimbia maneno ya ndoa ya hapa nyumbani, usiende, kuna njia rahisi zaidi za kunyamazisha shangazi.

Mamako nimemwahidi jibu Ijumaa baada ya sala, na atakuja, unamjua. Niandikie kabla ya hapo nijue nimwambie nini na nimfiche nini. La ufunguo ningependa alisikie, la homa usithubutu. Mahamri yake yamekwisha, mwambie alete mengine na mbaazi. Na uniambie mguu wako ni namba ngapi, kwa sababu nina mabuti ya akiba kule, namba 39, hayajavaliwa hata msimu mmoja.

Wasalaam,
Mimi shoga yako